Trekta Kuukuu na Njia ya Petroli

Mazungumzo kwa wenye matrekta na mafundi wao, Kaloleni, Nairobi



Kaloleni ni mtaa wa mji, wala hapana mtu alimaye kwa trekta katikati ya nyumba zake za mawe zenye mapaa ya vigae. Nyumba hizo zilijengwa katika miaka ya 1940, ili wafanyakazi wa Kiafrika wapate kukaa Nairobi pamoja na wake zao na watoto wao. Lakini tangu siku zile hata leo, watu wengi wa Kaloleni wana mashamba huko kwao. Kazi iko mjini, na shamba liko nyumbani. Mtu hufanya kazi miaka mingi katika Eneo la Viwanda, ng'ambo ya reli, na akistaafu huchukua akiba yake akanunua trekta lililokwisha tumiwa na wengine. Ndipo shida huanza. Trekta liko shamba, fundi na vipuri viko mjini, na mvua haimngojei mtu.

Kwa hiyo yafaa watu wa mji waujue ugonjwa mmoja ambao huyapata matrekta kuukuu yatumiayo petroli kuliko magonjwa mengine yote, nao ni kuziba kwa njia ya petroli, kutoka tangi mpaka kabureta.

Mtu asidharau trekta kwa sababu ya uzee wake. Trekta dogo la kijivu la Ferguson, ambalo wakulima wengi wa Kenya walilifahamu, liliundwa huko Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 mpaka 1956, na yaliyotengenezwa yalizidi 500,000. Tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiendesha matrekta ya namna hiyohiyo, katika nchi ya barafu isiyo na mti. Mashine iliyoweza safari hiyo haishindwi na shamba la mahindi, maadamu mwenyewe anajua kuitunza.

Na pasipo matunzo, hata wingi wa mashine haufai kitu. Jambo hilo lilionekana katika Tanganyika, katika mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yamekwisha choka kwa kazi nyingine, vipuri vilikuwa haba, na waendeshaji wengi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha. Kabla ya mwaka ule kwisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala bila kazi. Mwaka 1951 mpango wenyewe uliachwa. Ukame na ardhi ngumu vilikuwa na sehemu yao katika hasara ile, lakini trekta lililolala halilimi hata udongo uwe laini namna gani.

MFANO WA MAMA MMOJA

Hebu ufikiriwe mfano huu. Mama mmoja mjane ana shamba upande wa Kitale, na trekta la petroli aliloachiwa na mumewe. Kwa trekta hilo hulima shamba lake, kisha huwalimia majirani kwa malipo, na malipo hayo ndiyo karo ya watoto. Mwezi wa Machi umefika, mawingu yamekusanyika, na majirani sita wamekwisha lipa nusu. Trekta likilima robo saa huzimika. Kijana fundi wa pale karibu ameifungua kabureta mara tatu, mwisho akasema, "Mama, kabureta hii imekufa. Nunua mpya." Mama akauza mbuzi wawili, akapanda basi mpaka Nairobi, akafikia nyumbani kwa ndugu yake Kaloleni. Jirani wa ndugu yake ni mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa mitambo mpaka akastaafu. Kabla mama hajaenda dukani, mzee yule alimwuliza maneno machache.

"Mama, trekta hilo likizimika, huzimika ghafula kama taa iliyopulizwa, au hufifia kidogo kidogo?"

"Hufifia, Mzee. Kwanza hukohoa, kisha hupoteza nguvu, kisha hunyamaza."

"Na likinyamaza mwafanya nini?"

"Twakaa kivulini. Kijana hufungua tangi atazame kama petroli imo, naye huiona tele. Baada ya kitambo huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno."

"Kizibo cha tangi ni kilekile cha zamani?"

"La, Mzee. Kile kilipotea wakati wa mavuno. Kijana alikata bati, akalifunga juu kwa mpira wa tairi, akalikaza sana ili vumbi lisiingie."

"Basi, Mama, fedha yako ya kabureta irudi nayo nyumbani. Nunua kizibo tu."

Mama hakuamini, mpaka mzee alipotwaa kopo la mafuta ya kupikia, akalitoboa tundu moja tu na kulipindua. Mafuta yalitiririka kidogo, yakasita. Alipotoboa tundu la pili upande wa juu, yakamwagika vizuri. Hivyo ndivyo lilivyo tangi la trekta. Petroli haiwezi kushuka isipokuwa hewa yaingia mahali pake, na ndiyo sababu kizibo cha tangi hutengenezwa chenye kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Kitundu kikizibwa kwa matope, kwa rangi, au kwa mpira wa tairi, petroli hukauka katika kabureta hali tangi limejaa. Na kila mara kijana alipofungua tangi atazame, hewa iliingia, trekta likapona kwa robo saa nyingine.

Kijana yule hakuwa mvivu wala mwizi. Alikosa jambo moja tu, nalo ni utaratibu. Alianza mwisho wa njia badala ya kuanza mwanzo wake. Utaratibu wenyewe ndio huu unaofuata.

CHECHE AU PETROLI?

Kwanza kabisa, yapasa kujua kama kosa ni la cheche za umeme au ni la petroli. Injini inayozimika ghafula, bila kukohoa, mara nyingi imekatikiwa na cheche. Injini inayofifia, au inayokohoa kila inapopewa kazi nzito, mara nyingi ina njaa ya petroli. Kisha, baada ya kuzungusha injini mara kadhaa pasipo kuwaka, plagi moja na ifunguliwe itazamwe. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli yafika, tena pengine yafika kupita kiasi, au cheche hazipo. Plagi nyeusi yenye masizi makavu huonyesha kuwa injini yala petroli nyingi kuliko hewa.

KUTOKA TANGI MPAKA KABURETA

Ikiwa plagi ni kavu, njia ifuatwe hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini, wala hatua isirukwe.

Hatua ya kwanza ni tangi. Je, petroli imo? Je, bomba limefunguliwa? Swali hili si la kuchekwa, maana trekta nyingi zimefunguliwa kabureta bure kwa sababu ya bomba lililofungwa na mtoto mwenye kucheza. Kisha kizibo na kilegezwe, na injini ijaribiwe tena. Ikiwaka na kuendelea, ugonjwa umepatikana.

Hatua ya pili ni bilauri ya kioo iliyo chini ya tangi, pamoja na chujio lake. Bomba lifungwe, bilauri ifunguliwe, petroli iliyomo imwagwe katika chombo safi na kutazamwa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, yakionekana kama shanga zinazotembea. Kutu na mchanga hukaa pamoja nayo. Bilauri na chujio vioshwe kwa petroli safi, kisha virudishwe, na gasketi itazamwe kama haijapasuka. Gasketi mbovu huvuja petroli juu ya injini yenye moto.

Watu huuliza, maji hayo yametoka wapi, na hali mvua haikunyesha? Tangi lililo nusu tupu hujaa hewa. Usiku wa baridi, kama usiku wa Kitale au wa Limuru, unyevu wa hewa ile hugeuka matone na kushuka chini ya petroli. Kwa hiyo desturi njema ni kujaza tangi jioni baada ya kazi, wala si asubuhi. Kadhalika pipa la petroli lisisimamishwe nje kwenye mvua, maana maji hukaa juu yake na kupenya pale kwenye kizibo.

Hatua ya tatu ni kupima mtiririko. Paipu ifunguliwe pale inapoingia katika kabureta, debe liwekwe chini yake, na bomba lifunguliwe kwa muda wa dakika mbili nzima. Petroli ikitoka kwa mchirizi usiokatika mpaka mwisho, njia ni safi. Isipotoka, kuna kizuizi katika paipu au katika bomba. Ikitoka vizuri kwanza na kupungua baadaye, kosa ni la kizibo, au kuna takataka ndani ya tangi zinazoelea na kuja kuziba mlango. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, nacho humwambia mwenye trekta kama yafaa kuigusa kabureta au kuiacha.

Hatua ya nne ni chujio dogo ambalo katika kabureta nyingi hukaa pale paipu inapoingia. Mafundi wengi hulisahau kwa sababu halionekani kwa nje.

NDANI YA KABURETA

Njia ikiwa safi na injini ingali haitaki, hapo ndipo kabureta ifunguliwe. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Ndani yake mna kisima kidogo cha petroli, na juu ya petroli ile huelea boya. Petroli ikipanda, boya hupanda nalo na kusukuma sindano izibe mlango. Petroli ikishuka, boya hushuka na mlango hufunguka.

Kabureta ikimwaga petroli nje, sindano imeshikwa na uchafu, au imelika, au boya limetoboka. Boya litikiswe karibu na sikio. Likisikika maji ndani, limetoboka. Boya la bati likizamishwa katika maji ya moto, yaliyotelekwa mbali na petroli, mapovu yatatokea pale penye tundu. Lakini asithubutu mtu kulitia risasi boya lenye petroli ndani. Mvuke wake hulipuka usoni mwa fundi. Kama boya jipya linapatikana, afadhali kununua.

Kutoka kisimani petroli hupita katika vitundu vyembamba sana ambavyo mafundi huviita jeti. Vitundu hivyo ndivyo vipimo vya kabureta. Chembe moja ya mchanga yatosha kuziba jeti. Dawa yake ni kuifungua kwa bisibisi inayoenea vizuri, kuiosha, na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli. Waya usitumiwe kamwe. Jeti ni ya shaba, na waya wa chuma huipanua. Kitundu kikipanuka kwa kadiri isiyoonekana kwa macho, trekta litakunywa petroli zaidi kila siku mpaka jeti ibadilishwe. Fundi mwenye waya humtoza mwenye trekta mara mbili, siku ile kwa mkono wake, na baadaye kwa petroli inayopotea.

MOSHI NA SAUTI

Injini husema yenyewe, mradi yupo wa kusikiliza. Moshi mweusi maana yake ni petroli nyingi au hewa haba. Choki itazamwe kama haikubaki imefungwa, kisha chujio la hewa lifunguliwe. Matrekta mengi ya zamani huchuja hewa kwa kuipitisha katika bakuli lenye oili, na bakuli hilo likijaa tope, injini hukosa pumzi. Wakati wa kulima kwenye vumbi, bakuli na litazamwe kila siku. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, nao si ugonjwa wa kabureta.

Injini ikitema na kupiga mshindo kwa nyuma ndani ya kabureta, petroli ni haba. Choki ivutwe kidogo wakati injini inakwenda. Ikipata nafuu, basi kuna jeti iliyoziba, au hewa yaingia kwa wizi pale kabureta inapounganishwa na injini. Oili kidogo ikipakwa kwenye maungio hayo na mwendo wa injini ukabadilika, mwizi amejulikana, na gasketi ibadilishwe.

Yafaa pia kukumbuka kimo cha nchi. Nairobi iko juu kadiri ya mita 1,700, na mashamba mengi ya Bonde la Ufa yako juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo trekta lililosawazishwa Mombasa likipelekwa milimani huonekana lala petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, na hapana kitu kilichoharibika. Hapo yataka kusawazishwa upya tu.

MAFUTA YA TAA

Matrekta mengine ya zamani yaliundwa yatumie mafuta ya taa ya namna maalum. Hayo huwashwa kwa petroli, na injini ikisha pata moto mwendeshaji hugeuza bomba. Kabla ya kuzima hurudi kwenye petroli tena, ili asubuhi kabureta iwe na kitu chepesi cha kuwashia. Asiyefuata desturi hii hupata trekta lisilowaka. Jambo baya zaidi ni mafuta ya taa yasiyoungua, ambayo hupita kando ya pistoni na kuingia katika oili ya injini. Oili ikionekana imeongezeka bila kutiwa na mtu, hiyo si baraka. Imechujuka, nayo italika beringi. Na imwagwe mara moja, itiwe mpya.

Mwenye trekta la petroli asichanganye mafuta ya taa kwa tamaa ya kupunguza gharama. Katika mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kukomesha watu waliokuwa wakiyachanganya na dizeli na kuiuza kwa hila. Mwenye trekta na anunue mahali anapoaminika, na asiweke petroli miezi mingi. Petroli iliyokaa huacha utomvu kama gundi, nao huziba jeti. Trekta litakalolala mpaka msimu mwingine na limwagwe petroli yote iliyomo katika kabureta.

HATARI YA MOTO

Neno la mwisho ni kubwa kuliko yote. Trekta hununuliwa tena, na mtu hanunuliwi. Kazi ya petroli ifanywe nje, penye hewa, injini ikiwa imepoa. Sigara, jiko na taa ya moto viwe mbali. Ndoo ya mchanga iwe karibu, kwa maana maji hayazimi moto wa petroli bali huueneza. Petroli isivutwe kwa mdomo katika mpira, maana ikiingia mapafuni yaweza kuua. Wala isiwekwe katika chupa ya soda. Katika nyua za Kaloleni, ambamo watoto wa nyumba nyingi hucheza pamoja, chupa ya namna hiyo ni mtego. Mtoto mwenye kiu hasomi, hunywa.

Basi mwenye trekta na anunue daftari, aandike siku aliyosafisha chujio, siku aliyobadilisha oili, na ugonjwa uliotokea pamoja na dawa yake. Fundi akija, ataanza pale mwenzake alipoishia. Mjane wa mfano wetu alinunua kizibo chenye kitundu na gasketi ya bilauri, akarudi Kitale kwa basi la usiku. Fedha ya kabureta alinunulia mbegu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa trekta huanza mahali padogo sana, penye kitundu kisichoweza kupitisha hata punje ya mtama.